Kabla hujakubali kuratibu safari ya mbizi ya kundi, soma yaliyonikuta

Wiki iliyopita nimerudi kutoka Maldivi na watu 13. Wote wazima, na wote bado wanasalimiana. Wanaoratibu safari za mbizi wanajua kwamba hilo la pili ndilo gumu.

Suti yangu ya mpira ilikuwa bado inachuruzika bafuni nilipofungua simu na kukuta ujumbe wa msomaji mmoja: "Kaka, tuko 12, tumemaliza kozi pamoja. Mwakani tunataka kwenda kupiga mbizi Bahari ya Shamu. Nimechaguliwa kuratibu. Nianzie wapi? Na eti mratibu husafiri bure?"

Pole, dada. Hakuna anayechaguliwa kazi hii. Wenzako wote walinyamaza, wewe ukakohoa, basi.

Nilitaka nimjibu kwa mistari mitatu. Nikajikuta naikumbuka safari yangu ya kwanza ya kuongoza, nayo ilikuwa Misri, Bahari ya Shamu hiyo hiyo, na nikaona mistari mitatu haitoshi.

Nilianza kama wanavyoanza wote: nikafungua kundi la WhatsApp, nikaweka picha ya kasa, nikauliza nani yuko tayari. Majibu yalimiminika usiku kucha. "Nipo." "Niweke." "Mimi na mke wangu." Mtu ambaye sikuwahi kumwona hata kwenye bwawa aliandika "hatuachi mtu nyuma". Nikahesabu vichwa 20 na zaidi, nikajiona jemadari. Kesho yake nikakodi boti nzima ya kulala humo humo, vitanda 16.

Hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Ukinunua nafasi mojamoja kwenye boti, mtu akijitoa hasara ni yake. Ukikodi boti nzima, kitanda kitupu ni chako wewe uliyeweka sahihi. Bei kwa kichwa inashuka kweli, mnapanga ratiba mnavyotaka, hamchanganywi na wageni. Lakini mwenye boti hasomi WhatsApp yenu. Anajua vitanda 16 na tarehe ya kumalizia malipo, ambayo kwa kawaida huwa miezi miwili au mitatu kabla ya safari.

Nilipoomba amana, wale "nipo" wakawa tisa. Mmoja mtoto anaumwa, mwingine likizo imekataliwa, wengine walisoma ujumbe na kunyamaza. Basi nikaanza kuziba mapengo na marafiki wa marafiki, watu wa "namjua jamaa mmoja anapiga mbizi". Sikuwauliza maswali mengi, kwa sababu mtu mwenye vitanda saba vitupu hana ujasiri wa kuuliza maswali.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mwenza wangu wa mbizi akajitoa. Huyu ni mtu niliyesoma naye kozi ya kwanza, niliyeshuka naye zaidi ya mara 80, ambaye chini ya maji nilikuwa najua anataka nini kwa kumtazama mabega tu. Alisema kazi imembana. Akaomba pesa zake zote. Nilimweleza kwamba pesa ziko kwa mwenye boti na hazirudi. Akajibu, na maneno haya ninayo mpaka leo: "Wewe unasafiri bure kwa migongo yetu, halafu unaninyima changu?"

Nilimlipa kutoka mfukoni mwangu. Nitalirudia suala la kusafiri bure, maana hapo alikuwa na pointi, ingawa kuikubali kumenichukua miaka.

Kwa kuwa mwenza hayupo, nikapangwa na mmoja wa wale wa kuziba mapengo. Nitamwita Bwana Sitini, kwa sababu kila alipoulizwa uzoefu alijibu "mbizi sitini hivi". Siku ya kwanza boti nyingi hufanya mbizi ya majaribio mahali penye kina kifupi, kiongozi wa mbizi wa boti apime uzito wa vipande vya madini ya risasi vya mkanda wa kumsaidia mtu kuzama, na aone nani anaelea vipi. Bwana Sitini akasema bahari imemchafua, atapumzika. Kiongozi akanitazama mimi. Nikasema, "Huyu ni mzoefu." Nilimdhamini mtu ambaye nilikuwa namfahamu kwa siku mbili.

Siku ya tatu tukafika kwenye Thistlegorm. Ni meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa na ndege za Ujerumani Oktoba 1941, na imelala kwenye kina cha mita 30 hivi na mizigo yake, yakiwemo malori na pikipiki za jeshi. Watu huvuka mabara kwa ajili yake. Boti yetu ilijifunga kwenye mabaki yenyewe, na mkondo ukiwa mkali unashuka umeshika kamba, miguu imelala nyuma kama bendera.

Asubuhi ile tukiwa tunafunga vifaa, nilimwona Bwana Sitini amefunga regulata, kile kifaa cha kupumulia kinachokazwa juu ya mtungi, nyuma mbele. Mpira wa kupumulia, ambao hupita bega la kulia, ulikuwa unatokea kushoto. Aligeuza mtungi, akatazama, akageuza tena. Kijana wa boti akaja kimya kimya, akalegeza skurubu, akageuza regulata, akakaza, akaondoka bila neno. Mimi niliona yote. Nikainama nikajifanya natema mate kwenye miwani yangu ili isishike ukungu.

Tulishuka. Kwenye mita 25 alikuwa anapiga miguu kama anayeendesha baiskeli, na mapovu yake hayakuwa na pumziko. Mtungi ulioanza na bar 200 za hewa kwenye geji ulisoma 50 katika dakika ya 16. Hakunionyesha geji, nilimshika mkono nikaigeuza mwenyewe. Macho yake ndani ya miwani yalikuwa makubwa kuliko kawaida. Nikampa kipumulio changu cha akiba, nikamshika ukanda wa bega, tukapanda na kamba polepole. Kwenye mita tano tulikaa dakika tatu za usalama, mimi nikihesabu kwenye kompyuta ya mbizi niliyoivaa mkononi, yeye akiwa amenishika mkono mahali ambapo palibaki na alama mpaka nimerudi nyumbani.

Juu ya sitaha ndipo akasema mara ya mwisho kuingia majini ilikuwa miaka sita nyuma. Daftari lake la kuandikia mbizi lilikuwa na mbizi tisa. Hiyo sitini pengine alihesabu dakika.

Pikipiki za Thistlegorm nimeziona kwenye picha za wenzangu.

Na haikuishia hapo. Wanandoa wawili walikuwa wamejinunulia tiketi zao wenyewe, wakifuata nauli nafuu. Mbizi ya mwisho ya ratiba ilikuwa inatoka majini saa tisa alasiri. Ndege yao ilikuwa saa mbili asubuhi ya kesho yake. Hesabu: saa 17. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja na angalau saa 18 ukiwa umepiga mbizi kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mume akaniambia, "Saa moja tu, kaka." Sababu yenyewe siyo urasimu. Ukiwa chini, naitrojeni inayeyuka mwilini, na inahitaji muda kutoka taratibu. Hewa ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlimani, inaweza kufika sawa na mita 2,400, na naitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu kwenye viungo na mishipa, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Nikawakatalia mbizi hiyo ya mwisho. Walikaa kwenye sitaha muda wote wakitazama mapovu yetu, na chakula cha jioni walikula upande mwingine.

Sasa Maldivi. Dada, hapa ndipo ushauri ulipo, na ukweli ni kwamba ni ule ule kwa sura tofauti: usimhesabu mtu mpaka amelipa, na usimwamini mpaka umeona.

Safari hii sikufungua kundi lolote la WhatsApp mpaka amana imeingia. Nilituma ujumbe mmoja kwa mtu mmoja mmoja: tarehe, gharama, kiasi ambacho hakitarudi, na siku ya mwisho ya kulipa. Siku kumi. Waliolipa wakaingia kwenye kundi. Wawili walilipa siku ya 11 na nikawarudishia, mmoja wao shemeji yangu, na nyumbani ikawa kesi. Liwalo na liwe.

Kila mtu alituma picha ya ukurasa wa mwisho wa daftari lake, au ya kompyuta yake ya mbizi, pamoja na cheti. Cheti hakichachi, lakini mwili unasahau. Aliyekaa nchi kavu zaidi ya mwaka nilimtaka arudie mazoezi bwawani na mwalimu kwanza. Na usipange mahali kwa ajili ya aliye hodari kuliko wote. Kama kundi lina watu wa cheti cha mwanzo, kikomo chao ni mita 18, basi meli iliyolala mita 30 siyo safari yenu bado. Nyinyi 12 mliomaliza kozi juzi, nawaambia kwa upendo, anzeni na miamba ya matumbawe yenye kina kifupi iliyo karibu na ufuo, mlale nchi kavu. Meli zilizozama hazikimbii.

Maldivi wana sheria yao, mzamiaji wa burudani asipite mita 30, na niliitangaza kabla watu hawajalipa ili asije mtu na ndoto zake za kina. Vilevile kuna ghuba ya Hanifaru, maarufu kwa makundi ya taa wakubwa, wale samaki bapa waitwao manta, wanaokuja kula, ambapo mitungi imepigwa marufuku. Unaelea juu na snokeli tu. Kuna aliyejitoa kwa sababu hiyo. Afadhali ajitoe sebuleni kwake kuliko anilaumu mimi tukiwa kwenye boti.

Misimu nayo iulizie kwa wazamiaji wenyeji, usiishie kwenye picha za matangazo. Kule kaskazi na kusi ndizo zinazoamua maji yawe maangavu upande gani wa visiwa na taa wawe wapi. Milango kati ya visiwa ina mikondo inayobeba mtu. Mara nyingine unaruka jaketi la kuelea likiwa halina hewa na kushuka papo hapo, kwa sababu ukichelewa juu, wenzako utawaona jioni. Kila mmoja wetu alibeba boya lake la kupulizia. Lilitumika mara mbili.

Fomu ya afya niliituma miezi miwili kabla. Nimeshamwona mama wa watu akitia tiki ya "ndiyo" kwenye pumu mbele ya kaunta, hana barua ya daktari, akaishia kuwapiga wenzake picha ufukweni kwa wiki nzima. Bima hali kadhalika: bima nyingi za safari hazigusi mbizi kabisa, au zina kikomo cha kina. Tafuta inayotaja mbizi kwa jina na inayolipia chumba cha mgandamizo, ambamo hutibiwa mtu aliyepata yale mapovu mwilini. Na tiketi ya ndege hainunuliwi mpaka nimeona saa ya kuondoka.

Watu hukuita dikteta. Mimi nimeitwa. Kuwa dikteta ukiwa bado nyumbani, ili ukifika majini uwe mtu wa kawaida. Wanaolalamika kuhusu fomu ndio hao hao watakaokushika mkono kwenye mita 25.

Umeniuliza mwishoni kuhusu nafasi ya bure. Ndiyo, waendeshaji wengi humpa mratibu nafasi moja bure kundi likitimiza idadi fulani. Ichukue au igawe iwe punguzo kwa wote, yote sawa, ila iandike kwenye ule ujumbe wa kwanza kabisa. Mimi ya Misri niliichukua na nikanyamaza. Haikuwa siri, ila sikuisema, na mwenza wangu aliisikia kwa mtu mwingine. Kwenye ujumbe wa Maldivi niliiweka mstari wa pili, chini ya tarehe. Yeye pia nilimtumia. Alama mbili za bluu, mpaka leo.