Shangazi, nimwachie mama hiki kitabu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 22, niko chuo Nairobi ila kwetu ni Voi. Rafiki yangu ameniazima riwaya ya Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta wa Nigeria, nimeisoma usiku kucha hadi macho yamevimba. Ijeoma, msichana anayesimulia, bado mtoto, vita vya Biafra, vile vya wenyewe kwa wenyewe Nigeria, vimepamba moto, babake anauawa na mabomu 1968, mama anampeleka Nnewi kwa mwalimu mmoja na huko anampenda Amina, yatima wa Kihausa. Wakafumaniwa, basi mama akamrudisha akawa anamfundisha Biblia siku baada ya siku, hapo ndo nililia kabisa, sababu na mimi nampenda msichana na mamangu ni mtu wa kanisa sana. Nataka nimwachie kitabu mezani akisome aelewe. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Machozi yako nayaelewa, na mimi hicho kitabu kilinishika, tena kilichonishika zaidi ni yule mama, Adaora. Kafiwa na mume, njaa ndani, hajui atamlinda mtoto na nini, anaishika Biblia. Halafu mtoto anamuuliza, hii habari ya Lutu si inahusu ukatili kwa wageni? Mama hana jibu la maana, anakazana tu. Sasa angalia ilichukua muda gani: Ijeoma amekua, ameolewa na Chibundu, amezaa binti, amenyong'onyea kwenye ile ndoa, ndo anarudi kwa mamake na mama anampokea. Yule mama alibadilishwa na kumwona mwanawe anaisha mbele ya macho yake, sio na maneno ya mtu.

Kwa hiyo usikiache mezani. Mamako kabla hajafungua ukurasa wa kwanza atauliza hiki ni cha nani na kimefikaje humu, na wewe utatakiwa ujibu siku hiyo hiyo hujajiandaa. Ada anakulipia nani? Akikufukuza utalala wapi? Mwandishi mwenyewe anataja mwishoni ile sheria ya Nigeria ya 2014 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, miaka 14 jela, na Kenya kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinasema 14 hiyo hiyo, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta 2019. Sikutishi mwanangu, na huna cha kuonea aibu hata kidogo, nataka tu siku ya kusema uichague wewe, ukiwa na pako pa kulala na mtu wa upande wako. Na huyo rafiki, kati ya vitabu vyote kwa nini alikupa hicho? Anza na yeye.

SWALI: Mimi ni mwanaume, Dodoma. Nimesoma hiyo hiyo na nimemwonea huruma Chibundu kuliko wote. Nakosea?

JIBU: Hukosei kaka. Alimpenda Ijeoma tangu utotoni, akaoa mtu ambaye moyo wake uko kwa Ndidi, mwanamke aliyempenda kabla ya ndoa, nani asingeumia. Ila soma tena zile kurasa za kabla ya harusi uone Ijeoma alivyokuwa anaogopa baada ya wenzake wanaopenda wanawake kama yeye kuvamiwa, na mama anamsukuma aolewe. Mimi hasira zangu ziko kwa wale waliowasukuma wote wawili ndani ya hiyo ndoa.