Jinsi ninavyosoma maoni ya wachezaji wa Wesnoth kabla ya kuyaamini

Vijana wakiniuliza waweke gemu gani ya mikakati kwenye kompyuta ya mtumba, huwatajia The Battle for Wesnoth bila kusita. Wengi hurudi baada ya siku kadhaa wameshasoma maoni ya watu na hamu imewaisha. "Kaka, wanasema ile ni bahati nasibu tu." Wengine wamesikia sifa tupu, kwamba hakuna gemu ya bure inayoifikia, wakaifungua kwa pupa, wakapigwa kwenye vita vya mwanzo na kuifuta siku hiyohiyo. Wote hao wameongozwa na maoni ambayo hawakuyahoji. Mimi naicheza hapa Arua kwa miaka mingi sasa, na naipenda kiasi cha kuumia nikiona mtu anaikosa kwa sababu ya sentensi moja ya mtu asiyemjua.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya zamu kwa zamu, kwenye ulimwengu wa Waelfi wenye pinde, Waorki, wachawi, majoka yatemayo moto na mifupa inayotembea. Uwanja umegawanywa vyumba vya pembe sita. Unaajiri askari kwa dhahabu, unateka vijiji ili upate mapato, na kila askari anayenusurika hupata uzoefu, hupanda daraja, na unaweza kumwita tena kwenye vita vinavyofuata. Askari wana majina yao. Ukimpoteza aliyekuwa amebakiza kidogo apande daraja, jina lake huwezi kulisahau upesi. David White aliitoa mara ya kwanza mwaka 2003, toleo la 1.0 likafuata mwaka 2005, na tangu hapo imeendelezwa na watu wanaojitolea kutoka nchi nyingi.

Jambo ambalo maoni mengi hulitaja kwa mstari mmoja tu, kwetu Uganda lina uzito mkubwa. Leseni ya gemu hii inakuruhusu kuinakili na kumpa mwenzako. Si wizi wala si ujanja. Mtu mmoja akiunguza bando lake kuipakua, mtaa mzima unaweza kuipata kwa flashi, na ukishaiweka huna haja ya intaneti kucheza kampeni, yaani mfululizo wa vita vinavyofuatana katika hadithi moja. Haidai kompyuta ya bei mbaya. Tena hujihifadhi yenyewe kila zamu inapoanza, hivyo umeme ukikatika katikati ya vita unapoteza zamu moja tu. Aliyeandika maoni yake akiwa mahali ambapo umeme haukatiki hana sababu ya kukuambia hilo. Ndiyo maana nasema maoni ya mchezaji yasome ukijua anacheza wapi na kwa kifaa gani.

Sasa tuje kwenye lalamiko kubwa: bahati. Hakuna lalamiko linalorudiwa zaidi ya hili, na lina ukweli ndani yake. Kila pigo katika Wesnoth lina asilimia yake ya kupata au kukosa, na asilimia hiyo inatokana na ardhi aliyosimama anayepigwa. Askari wa kawaida wa kibinadamu akisimama kwenye majani, pigo lina nafasi ya asilimia 60 ya kumpata. Ukimpiga mara 3 hapo, nafasi ya kukosa zote 3 ni kama mara 1 katika 16. Ndogo, eh? Lakini vita vya zamu 20 vina mashambulizi ya namna hiyo mengi, kwa hiyo utaliona tukio hilo, tena huenda ukaliona wakati unapolihitaji lisitokee.

Nimegundua kuwa tabia ya mtu kwenye michezo ya mezani huonekana hapa mapema. Aliyekulia kwenye omweso, bao la Kiganda, mashimo yake 32 na kete zake 64, ambako kila kitu kiko wazi na hakuna pa kumlaumu yeyote, huona Wesnoth inamwonea. Aliyekulia kwenye ludo pale kwenye stendi ya boda boda huchukua pigo baya na kusonga mbele. Ukisoma maoni ya mtu anayelia na bahati, jiulize kwanza kama wewe mwenyewe ni wa upande gani. Kama huwezi kabisa kuvumilia mpango mzuri kuharibiwa na pigo moja lililokosa, basi lalamiko lile ni onyo la kweli kwako, na hakuna ustadi utakaoliondoa.

Lakini malalamiko mengi ya bahati ninayoyasikia yana kitu kingine nyuma yake, na hapa nataka tukae kidogo.

Mpwa wangu alikuwa akicheza dhidi ya Waorki akaanza kupiga kelele kwamba kompyuta inaiba. Nikasogea nikatazama. Askari wake wa mkuki walikuwa wamepangwa mtoni, kwenye maji mafupi, na usiku ulikuwa umeingia. Kwenye gemu hii mchana na usiku hupokezana, na mzunguko mmoja una zamu 6. Binadamu wa jeshi la mfalme ni watu wa mchana: asubuhi na alasiri nguvu yao huongezeka kwa asilimia 25, na kwenye makesha mawili ya usiku hupungua kwa asilimia hizohizo. Waorki ni kinyume chake. Alfajiri na magharibi hakuna anayependelewa.

Tazama maana yake kwa hesabu. Askari wa mkuki hupiga mara 3, pigo moja likiwa na nguvu 7. Mworki wa kawaida hupiga mara 2 kwa nguvu 9. Mchana wa mkuki anapiga 9 mara 3 na Mworki anapiga 7 mara 2. Usiku wa mkuki anashuka hadi 5, na Mworki anapanda hadi 11. Ni watu walewale, na dhahabu uliyowaajiria ni ileile.

Sasa ongeza mto. Mwanadamu aliyesimama kwenye maji mafupi hupatwa na pigo kwa asilimia 80. Akiwa ndani ya ngome au kijijini hupatwa kwa asilimia 40. Askari wa mkuki ana uhai 36, hivyo Waorki wawili wakimshambulia usiku wanahitaji mapigo yao yote 4 yampate ndipo afe. Mtoni nafasi ya hilo kutokea ni kama asilimia 41. Ngomeni haifiki hata asilimia 3. Kijana alikuwa ameacha ngome yake tupu, hatua chache nyuma yake.

Sikumbishia. Gemu yenyewe ina ukurasa wa takwimu, unaokuonyesha madhara uliyopaswa kupata kwa wastani na yale uliyoyapata kweli. Tukaufungua pamoja. Tofauti ilikuwa ndogo mno kuitwa wizi. Alinyamaza, akaanza vita upya, akawangoja Waorki ndani ya ngome mpaka kukapambazuka, kisha akatoka kuwakabili. Hakupata bahati nzuri sana siku ile, na bado alishinda.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: ukisoma au ukisikia mtu anasema Wesnoth ni bahati tupu, tafuta kama ametaja alipigana saa ngapi na askari wake walisimama wapi. Kama ametaja, msikilize kwa makini, huyo anajua anachosema. Kama hakutaja, amekuambia jinsi alivyojisikia, na hiyo ni haki yake, lakini bado hajakuambia lolote kuhusu gemu. Nawe kabla hujashambulia, fungua kile kidirisha cha kukokotoa madhara kinachotokea ukimchagua adui. Kinakuonyesha nafasi ya kila mmoja kufa au kubaki. Wapo wachezaji wa muda mrefu ambao hawajawahi kukibonyeza.

Wanaotetea gemu nao wana kasoro yao. Husema "jifunze kucheza" halafu wanaishia hapo. Maneno hayo hayamsaidii mtu. Afadhali wangemwambia kwamba mchawi hupata kwa asilimia 70 popote adui aliposimama, kwa hiyo Mwelfi aliyejificha msituni, ambaye mapigo ya kawaida humkosa zaidi ya nusu, ashambuliwe na mchawi. Au kwamba mifupa inayotembea hupunguza zaidi ya nusu ya nguvu ya mkuki, lakini rungu na moto huiumiza kweli. Mtu akiyajua haya mawili, nusu ya hasira yake inaisha.

Kuna mjadala mwingine unaogawa watu: kurudisha nyuma. Pigo likikosa, wengine hupakia tena hifadhi ya zamu na kujaribu mpaka lipate. Kuna wanaoona ni haki yao kwa kuwa wanacheza peke yao, na kuna wanaoona ni udanganyifu. Mimi simkatazi mtu, ila nina msimamo. Ukizoea kufuta kila pigo baya, hutajifunza kuweka askari wa akiba nyuma ya mstari, na gemu hii imejengwa juu ya akiba. Unapanga mambo ukitazamia kwamba jambo moja litaharibika. Kushindwa vita vizima na kuvianza upya ni sawa kabisa. Kurudisha pigo mojamoja kunakuibia sehemu tamu kuliko zote.

Lalamiko lingine ninaloliheshimu ni kwamba kampeni hukaba koo ghafla. Mtu anashinda vita vinne vitano, kisha anakwama asiweze kusogea. Hili ni kweli, na chanzo chake mara nyingi kipo nyuma, kwenye vita alivyoshinda. Dhahabu uliyobaki nayo haihamii yote kwenye vita vinavyofuata, na ukimaliza mapema unapewa nyongeza. Anayeburuza vita mpaka zamu ya mwisho ili amalizie kila adui anafika mbele akiwa maskini. Kisha kuna uzoefu: kumuua adui wa daraja la kwanza kunampa askari pointi 8, kupigana naye tu kunampa 1. Wengi huacha shujaa wao mkubwa ammalizie kila mtu, kwa sababu inapendeza kumtazama. Wakifika vita vya sita wana jitu moja na kundi la makuruta. Mshambulie adui kwa mkubwa, mpaka abaki na uhai kidogo, halafu pigo la mwisho mpe mdogo. Akipanda daraja anapona majeraha yote papo hapo, katikati ya vita.

Kuhusu picha, wanaosema zinaonekana za zamani hawajakosea. Mtu anayetaka mng'aro atafute kwingine. Na wanaosema adui wa kompyuta hana akili sana nao wako sawa: hukurupuka, hutuma watu wake mmojammoja, na ukishamwelewa unaweza kumvuta popote unapotaka. Dawa yake ni binadamu mwenzako. Kuna namna ya watu wawili kucheza kwa kompyuta moja, mmoja akimaliza zamu anampisha mwenzake kiti. Kwa sisi ambao kompyuta moja inahudumia nyumba nzima, hii ndiyo raha yenyewe, na nashangaa jinsi wachezaji wa kwingine wanavyoipita bila kuitaja. Siku za likizo sebuleni kwetu panakuwa na mashauri ya kila aina, kila mtazamaji akiwa jenerali.

Kuna kingine wasichokigusa wanaotoa maoni, pengine kwa sababu hakiwahusu: hadithi ya gemu ina maneno mengi. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga ataruka mazungumzo yote na kubaki na mapigano tu, kisha atakuambia haina ladha. Kwetu anayejua kusoma husoma kwa sauti na kuwasimulia wadogo kwa Kiswahili au Kilugbara, kila mhusika na sauti yake. Inachukua muda, lakini watoto huanza kuuliza kwa nini yule mzee mchawi hawezi kumwambia kijana ukweli mapema. Hapo wameshaingia ndani ya hadithi.

Kama nimekushawishi ujaribu, usianze na kampeni ya Heir to the Throne kwa sababu tu ndiyo inayotajwa na kila mtu. Ni ndefu, na kijana Konrad au mchawi mzee Delfador akifa umeshindwa hapohapo. Anza na A Tale of Two Brothers, yenye vita 4 tu, uone kama mwendo wa zamu unakufaa. Kisha nenda The South Guard, ambako utapambana kwanza na majambazi na baadaye wafu, hivyo utalazimika kubadili aina ya askari unaoajiri. Chagua kiwango chepesi kabisa bila aibu. Ukishamaliza hizo mbili, rudi usome tena maoni yaliyokutisha mwanzoni, kisha uandike yako. Unapoyaandika, taja kampeni, taja kiwango ulichochezea, taja vita vilivyokukwamisha na askari uliokuwa nao. Kijana wa Koboko au Lira anayehesabu megabaiti zake kabla ya kupakua atakuwa na kitu cha kushika.