Modemu ikichomolewa leseni zinakataa: kuhamisha seva ya leseni kutoka Windows kwenda Ubuntu

SWALI: Sisi ni ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Mafinga. Kompyuta zetu 6 za Windows zinagawana leseni 4 za programu ya kuchora ramani. Leseni ni za FlexNet (mfumo wa kugawa leseni kwa mtandao) na zinatolewa na seva ya Windows Server 2012 R2. Tumegundua kwamba modemu ya intaneti ikichomolewa kwenye seva hiyo, leseni zote zinakataa. Tumenunua mashine nyingine yenye Ubuntu 22.04 ili tuhamie huko, lakini tukiwasha lmgrd, programu ya huduma ya leseni, inasema "No such file or directory" wakati faili tunaliona kabisa. Fundi mmoja alitushauri tubadilishe namba ndani ya faili la leseni, mambo yakazidi kuharibika. Tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu zangu, kabla ya yote rudisheni faili la leseni la asili, lile mlilotumiwa na muuzaji. Kila leseni iliyomo humo ina saini iliyokokotolewa pamoja na namba ya utambulisho wa mashine. Ukigusa namba hiyo, hata herufi moja, saini haikubali tena na utapata kosa la -8. Vitu mnavyoruhusiwa kubadilisha wenyewe ni vichache: jina la seva na poti kwenye mstari wa SERVER, na njia ya folda pamoja na poti kwenye mstari wa VENDOR.

Sasa hiyo modemu. Modemu nyingi za USB hujitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, na huja na namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao. Yaelekea aliyeomba leseni yenu aliendesha lmhostid (amri inayoonyesha namba ya utambulisho wa mashine) siku modemu ikiwa imechomekwa, akapata namba zaidi ya moja, akatuma ya modemu. Tangu hapo leseni imefungwa kwenye kifaa kinachoweza kupotea mfukoni. Hakikisheni hivi: kwenye seva ya zamani fungueni dirisha la amri, andikeni getmac /v, mlinganishe na namba iliyo kwenye mstari wa SERVER. Modemu ikiwa nje, logi ya leseni (faili la kumbukumbu za huduma) itawaambia waziwazi: "Wrong hostid on SERVER line", kisha itataja namba iliyo kwenye faili na namba iliyoikuta kwenye mashine. Mstari huo mmoja wa logi una thamani kuliko kubahatisha siku nzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye Ubuntu ni kupata namba sahihi. Kusakinisha kunafuata baadaye. Chomoeni modemu, zimeni Wi-Fi, acheni kebo ya mtandao peke yake, kisha andikeni ip link na lmutil lmhostid. Chukueni namba ya kadi iliyo ndani ya mashine, ile isiyochomoka. Mkiona sufuri tupu, sababu yake ni kwamba matoleo ya zamani ya FlexNet hutafuta kadi iitwayo eth0 tu, ilhali Ubuntu ya sasa huipa jina kama enp3s0. Ongezeni net.ifnames=0 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX ndani ya /etc/default/grub, endesheni sudo update-grub, na kabla ya kuwasha upya badilisheni jina la kadi kuwa eth0 kwenye faili la netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) pia. Wengi husahau hilo la netplan, mashine ikiwaka haina mtandao kabisa.

Namba hiyo mtumieni muuzaji, mkiomba leseni ihamishiwe mashine mpya. Muulizeni papo hapo kama ana programu yake ya leseni kwa ajili ya Linux. Huduma hii ina sehemu mbili: lmgrd, ambayo hupokea wateja mlangoni, na programu ya muuzaji, ambayo ndiyo hasa hugawa leseni. Faili la leseni ni maandishi ya kawaida na husomeka kwenye mfumo wowote, lakini programu ya muuzaji ya Windows haiendeshwi kwenye Linux. Kama muuzaji hana ya Linux, msipoteze muda: wekeni Windows Server ya toleo jipya. Kubaki na 2012 R2 siwashauri, maana msaada wake wa muda ulioongezwa (extended support) uliisha tarehe 10 Oktoba 2023. Kutoka 2012 R2 mnaweza kupanda moja kwa moja hadi 2016, 2019 au 2025. Kwenda 2022 lazima mpitie 2016 au 2019.

Lile kosa la "No such file or directory" linachanganya kwa sababu faili linalokosekana si lmgrd yenyewe. Andikeni file lmgrd, muangalie neno "interpreter". Likifuatwa na /lib64/ld-lsb-x86-64.so.3, basi programu inatafuta faili la kuipakia (loader) ambalo Ubuntu haina. Dawa ni kiungo kimoja:

sudo ln -s /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 /lib64/ld-lsb-x86-64.so.3

Baada ya hapo huenda mkakutana na lalamiko kuhusu /usr/tmp/.flexlm. Tengenezeni folda hiyo kwa sudo mkdir -p, mumpe umiliki mtumiaji atakayeendesha huduma. Mtumiaji huyo asiwe root (msimamizi mkuu wa mashine). Fungueni akaunti ya pekee, tuiite leseni. Kwenye faili la systemd (linalowasha huduma mashine ikiwaka) wekeni User=leseni, After=network-online.target, na mstari huu, mkiwa mmeweka mafaili yote kwenye /opt/leseni:

ExecStart=/opt/leseni/lmgrd -z -c /opt/leseni/ofisi.lic -l +/var/log/leseni/ofisi.log

Alama ya kujumlisha hufanya logi iendelezwe badala ya kufutwa kila mnapowasha. Folda ya logi nayo iwe mali ya mtumiaji huyo huyo.

Seva ikiwaka vizuri lakini kompyuta za ofisini zikipata kosa la -15 au -96, yaani haziifikii seva, angalieni poti. Watu hufungua 27000 ya lmgrd wakasahau kwamba programu ya muuzaji ina poti yake, tena hujichagulia mpya kila inapowaka. Ifungeni kwa kuandika PORT=27001 mwishoni mwa mstari wa VENDOR, kisha:

sudo ufw allow 27000:27001/tcp

Kwenye kila kompyuta ya Windows jaribuni Test-NetConnection mkitaja anwani ya seva na -Port 27000, halafu 27001. Zote mbili zikijibu True, wekeni LM_LICENSE_FILE iwe 27000@ ikifuatiwa na jina la seva.

Kuhusu kusasisha, mpangilio hauna mjadala: lmgrd iwe toleo sawa au jipya kuliko programu ya muuzaji, nayo iwe sawa au mpya kuliko programu iliyo kwenye kompyuta za watumiaji. Maana yake seva husasishwa kwanza. Mkianza na kompyuta za wachoraji, asubuhi yake hakuna atakayefungua ramani. Fanyeni jioni: nakilini folda nzima ya /opt/leseni, tazameni kwa lmutil lmstat -a kama bado kuna mtu anatumia leseni, zimeni kwa lmutil lmdown, badilisheni mafaili, washeni, someni logi. Kama kuna mtu ameazima leseni akaenda nayo porini kwenye laptopu, lmdown itakataa, mngojeni airudishe. Msitumie kill -9, kwani programu ya muuzaji inaweza kubaki imeshikilia poti. Logi ikisema imeshindwa kufungua poti ya TCP, subirini dakika 2 mjaribu tena.

Mashine ya zamani msiifute hadi kompyuta zote 6 zijaribiwe, ila huduma yake ya leseni izimwe siku mnayohama, kwa kuwa muuzaji ameshawapa leseni kwa mashine nyingine.

Jambo moja zaidi kwa ofisi za huku kwetu, ambako kuanzia Novemba mvua na radi hukata umeme mara kwa mara. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao wa mashine ikiisha, umeme ukikatika saa hurudi miaka nyuma, na FlexNet ikihisi saa imerudishwa hutoa -88 na kugoma. Badilisheni betri hiyo sasa kabla ya kuhama, wekeni UPS, andikeni timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam, na hakikisheni timedatectl inaonyesha "System clock synchronized: yes" kabla huduma ya leseni haijawashwa.