Seiko SNK809: saa ya kirubani kwa mtu wa kipato cha kawaida

Mkuu, umeuliza kama SNK809 inafaa kwa anayetaka saa ya kirubani bila kufilisika, na mdau mmoja akakujibu kwamba upana wake wa milimita 37 ni wa saa ya mtoto wa shule. Mimi ninayo, naivaa kazini, na hapo nampinga.

Mtindo huu ni wa Ujerumani, Vita Kuu ya Pili. Saa za jeshi lao la anga, zilizotengenezwa na IWC, Laco, Stowa, Wempe na Lange, zilikuwa na upana wa milimita 55 kwa sababu zilifungwa juu ya koti zito la kurukia. Wewe unapanda basi la mwendokasi. Cha kubaki nacho ni uso wake. SNK809 imefuata muundo wa B: dakika zimeandikwa kubwa ukingoni, saa zimebanwa kwenye duara dogo la ndani. Asiyeizoea ukimpa akusomee ataganda kidogo, macho yanakimbilia 35 wakati anatafuta 7. Ukiizoea hutaki nyingine, maana saa ngapi mara nyingi unaijua tayari kichwani, unachotafuta ni dakika.

Udhaifu uko kwenye mashine, 7S26. Inajitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na huwezi kuitia kwa vidole. Ukivuta kitufe cha ubavuni kurekebisha, mshale wa sekunde hausimami, kwa hiyo sahau kuilinganisha na taarifa ya habari. Ukiiacha mezani siku mbili inazima. Itikise ubavu kwa ubavu mpaka iamke, ndipo uiweke sawa. Tarehe usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno yake yameshaanza kuizungusha na unaweza kuyavunja. Yangu inakimbia kidogo. Usiku nailaza kwa ubavu badala ya chali, inatulia (kila saa ina tabia yake, jaribu mikao).

Mita 30 za kina cha maji inazotajwa kuhimili ni za maabara. Mvua na kunawa sawa, ukienda kuogelea Coco Beach vua.

Mkanda wake wa kitambaa ni mwepesi mno, niliutoa mapema. Tafuta wa upana wa milimita 18. Ngozi inapendeza kwenye picha, ila kwa joto la Dar na jasho itanuka haraka. Nailoni unafua usiku, asubuhi unavaa.

Sasa bei. Kwa miaka mingi Marekani iliuzwa chini ya dola 100, kisha Seiko wakaacha kuitengeneza, na za mtumba nyingine zimebandikwa uso usio wake. Geuza nyuma: namba ya kifuniko ianze na 7S26. Muuzaji akikutajia bei ya kichaa, chukua Citizen BM8180. Hiyo ni ya askari wa miguu zaidi kuliko rubani, lakini inajiendesha kwa mwanga, haidai kutikiswa, na upana ni uleule. Kabla hujalipa, weka hapa picha za mbele na nyuma tuziangalie.