Kura za bahasha zikishatumwa, hoja haiguswi mkutanoni

Mleta uzi, zuia hizo bahasha zisiende posta Jumatatu.

Umesema mko Texas, mtaa wa nyumba 200. Chama chenu cha wenye nyumba kinataka kuongeza kwenye masharti ya mtaa kifungu cha kuzuia nyumba kupangishwa kwa muda mfupi. Mmeandika "isiyopungua siku 30", mnatuma kwa bahasha kura za wasiohudhuria pamoja na fomu za uwakilishi (za kumteua mtu akupigie kura mkutanoni), na "watu wakiona 30 ni chache tutarekebisha palepale mkutanoni". Kisha ukauliza mambo manne: mtume siku ngapi kabla, katibu ashike uwakilishi wa watu wangapi, kura ya barua pepe inakubalika au la, na nani ahesabu. Mimi nimekwama kwenye hilo la "tutarekebisha palepale". Kosa hilo nimelifanya mwenyewe nikiwa kwenye bodi, na kulirudia ni rahisi mno kwa sababu linaonekana kama uungwana.

Sheria ya Mali ya Texas, kifungu 209.00592, inasema wazi: kura ya asiyehudhuria haihesabiwi kwenye kura ya mwisho ya hoja iwapo hoja hiyo imerekebishwa mkutanoni ikawa tofauti na maneno yaleyale yaliyochapwa kwenye karatasi ya kura. Sheria haikusema "tofauti sana" wala "tofauti kwa maana". Imesema maneno yenyewe. Mkitoa 30 mkaweka 60, au mkiongeza "isipokuwa kwa ndugu wa mwenye nyumba", kila bahasha iliyorudi inageuka karatasi tupu kwa hoja hiyo. Kura ya kielektroniki nayo ni hivyohivyo.

Sasa piga hesabu. Masharti ya mtaa hayabadilishwi kwa wingi wa waliohudhuria. Sheria hiyohiyo, kifungu 209.0041, inataka asilimia 67 ya kura zote za wenye nyumba, isipokuwa kama masharti yenu yenyewe yameweka kiwango cha chini zaidi. Kwenye nyumba 200 hiyo ni kura 134. Tuseme bahasha 118 zimerudi na 112 kati yake zinasema ndiyo. Uwakilishi ni 19, waliokuja kwa miguu yao ni 34. Mkiiacha hoja kama ilivyo mna nafasi nzuri: ndiyo 112 za bahasha, mkipata 22 tu humo ukumbini mmemaliza kazi. Mkiirekebisha, 118 zote zinatoka. Mnabaki na 53. Hata wote 53 wakubaliane bila mmoja kupinga, 134 hamzifikii, na miezi ya kugonga milango imekwenda na maji.

Na kinachouma zaidi ni jinsi inavyotokea. Marekebisho yenyewe kwa kawaida hupitishwa kwa wingi wa kawaida wa walio ukumbini. Kwa hiyo kura 27 kati ya hizo 53 zinaweza kufuta kura za nyumba 118 zilizofuata utaratibu wote. Tena anayeisimamisha hiyo hoja ya marekebisho si lazima awe rafiki yenu. Mpinzani anayeijua sheria hahitaji kubishana nanyi usiku kucha. Anasimama kwa upole, anapendekeza "tuweke siku 31 ili tuwe na uhakika", wenye nia njema wanamuunga mkono, na hoja imekufa bila yeye kuipigia kura ya hapana. Ukiona pendekezo dogo, tamu, lisilo na maana kubwa, shtuka.

Aliyetupotosha sisi alikuwa meneja wa kampuni tuliyoilipa kusimamia mtaa. Alituambia kwamba cha msingi ni akidi, yaani idadi ya chini ya wapiga kura inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ikishatimia mkutano unaweza kufanya lolote. Mtu analipwa kila mwezi kwa kazi hiyo, na kifungu chenyewe ni cha kusoma kwa dakika mbili! Nusu yake ni kweli na ndiyo maana inadanganya: kura ya asiyehudhuria inahesabika kutimiza akidi, ila kwa yale tu yaliyochapwa kwenye karatasi hiyo. Jambo jipya likiibuka ukumbini, mwenye bahasha hayupo kwa jambo hilo. Kama meneja wenu naye amesema "msijali, akidi mnayo", mwombe akuonyeshe maneno hayo kwenye sheria.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mabishano yote yaishe kabla ya kuchapa. Itisheni kwanza kikao cha maoni, kisicho na kura, wiki tatu au nne kabla ya kutuma chochote. Someni kifungu kizima kwa sauti. Hapo ndipo mtu aseme 30 au 60, hapo ndipo yule mwenye nyumba ya kupangisha aulize kama mpangaji wake wa sasa ataguswa. Kisha mwanasheria asafishe lugha, bodi ipitishe maandishi ya mwisho, na tangu siku hiyo hakuna anayegusa hata nukta. Karatasi ya kura, notisi ya mkutano na hati itakayosajiliwa kwa karani wa kaunti vitokane na faili moja. Viwekeni vitatu sambamba juu ya meza, mtu mmoja asome moja kwa sauti, wawili wafuatilie kwa kidole. Wakati mwingine notisi inasema "siku 30", kura inasema "siku thelathini mfululizo", na hiyo ndiyo tofauti mpinzani atakayoing'ang'ania.

Mkishindwa kukubaliana kati ya 30 na 60, zichapeni kama hoja mbili, kila moja na nafasi yake ya ndiyo na hapana, na chini yake mwandike kabisa: "Hoja zote mbili zikipita, itatumika yenye siku nyingi zaidi." Hapo aliyeko mbali ameshajibu maswali yote mawili akiwa nyumbani kwake.

Je, kosa likionekana bahasha zikiwa tayari njiani? Msilitibu mkutanoni. Iondoeni hoja, chapeni upya kwenye karatasi ya rangi nyingine, wekeni tarehe ya toleo kwenye kona, elezeni kwamba kura za rangi ya kwanza hazitahesabiwa, na tumeni notisi upya. Inauma mfukoni, lakini ni nafuu kuliko kupitisha kitu kitakachopingwa mahakamani. Tangu Mahakama ya Juu ya Texas ilipoamua kesi ya mwenye nyumba aitwaye Tarr mwaka 2018 kwamba sharti la "matumizi ya makazi" peke yake halizuii upangishaji wa muda mfupi, maneno kamili ya kifungu kama hiki ndiyo nguvu yenu yote.

Na pale mtu atakaposimama na marekebisho, mwenyekiti awe na karatasi mkononi ya kusoma kabla ya watu kupiga kura: "Tumepokea kura 118 za wasiohudhuria. Marekebisho haya yakipita, hakuna hata moja kati yake itakayohesabiwa kwenye hoja hii." Namba itajwe. Ukisema "baadhi ya kura zitaathirika" watu hawasikii. Ukisema 118, ukumbi unatulia. Mjumbe wa bodi asiwe yeye wa kupendekeza marekebisho, hata kama wazo ni zuri.

Sasa uwakilishi, kwa sababu ninyi mnauchanganya na kura ya bahasha kana kwamba ni kitu kimoja. Kura ya bahasha ni jibu lililokwisha kutolewa. Uwakilishi ni mtu anayekuja kujibu kwa niaba ya mwingine, kwa hiyo hoja ikibadilika mwakilishi mwenye mamlaka ya jumla bado anaweza kupiga kura. Lakini fomu nyingi zina maelekezo, "piga ndiyo kwa siku 30", halafu ukumbi unaamua 60. Afanye nini huyo? Wekeni visanduku viwili kwenye fomu: hoja ikirekebishwa, mwakilishi wangu apige kwa busara yake, au asipige kabisa. Bila hivyo mtaanza kubishana mkutano ukiendelea. Fomu iwe na jina la mwakilishi, anwani ya nyumba, tarehe ya mkutano, saini na tarehe ya kusaini. Hiyo tarehe ya kusaini ndiyo watu wanaiacha wazi, halafu nyumba moja inaleta fomu mbili, mke amemteua jirani na mume amemteua mjumbe wa bodi, na hakuna anayeweza kusema ipi ilitangulia.

Msishushe fomu kutoka intaneti bila kuangalia ni ya jimbo gani. California wana bahasha mbili, ya ndani bila jina na ya nje yenye saini, na kura lazima zitumwe angalau siku 30 kabla ya mwisho wa kupiga. Florida, kwenye kondominiamu (majengo ambayo kila mtu anamiliki sehemu yake anayoishi), kwa kawaida uwakilishi hautumiki kuchagua bodi. Fomu inaweza kuwa nzuri huko na takataka kwenu.

Kwenye kura yenu ya asiyehudhuria sheria ya Texas inadai pia aya maalumu ya kumwonya mwenye nyumba kwamba hoja ikirekebishwa kura yake haitahesabiwa, na kwamba akija mwenyewe kura ya mkutanoni ndiyo itakayosimama. Nakilini aya hiyo neno kwa neno kutoka kwenye kifungu, kwa Kiingereza chake. Msiifupishe ili karatasi ipendeze. Kando yake andikeni mahali pa kurudisha kura.

Kwa sababu mtu anaweza kutuma bahasha halafu akatokea, bahasha zisifunguliwe mapema. Zikae zimefungwa, zimepangwa kwa namba ya nyumba, na mlangoni awepo mtu mwenye orodha ya nyumba 200 yenye safu tatu: bahasha, mwakilishi, mwenyewe. Aliyetuma bahasha akija, anaulizwa kama atapiga mwenyewe. Akisema ndiyo, bahasha yake inatolewa kwenye kasha mbele yake, inaandikwa "imebatilishwa, amehudhuria", anasaini, inawekwa kwenye kasha la pili. Haichanwi wala haitupwi. Mkishazichanganya na kuzifungua, hamna tena namna ya kuirudisha kura ya nyumba moja.

Hesabu asifanye mgombea, wala ndugu yake wa karibu, sheria inakataza hadi daraja la tatu la undugu, wa damu au wa ndoa. Notisi ya uchaguzi au kura itakayopigwa mkutanoni iende si chini ya siku 10 na si zaidi ya siku 60 kabla. Kwa hilo nafasi ya kuahirisha mnayo. Piga simu leo kwa aliyepewa kazi ya kuchapa, kisha weka humu maneno kamili ya kifungu chenu tuyasome pamoja kabla hayajawekewa wino.