Kimalagasi si Kibantu

Watu huuliza kama Kimalagasi, lugha ya Madagaska, ni Kibantu. Hapana, si Kibantu, hata kama Madagaska iko jirani na pwani yetu. Ni cha familia ya Austronesia (lugha za visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki), na ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan cha kisiwa cha Borneo. Mwanaisimu Otto Dahl alilionyesha hilo mwaka 1951. Sita, saba, nane kwa Kimalagasi ni enina, fito, valo. Kitagalogi cha Ufilipino, cha familia hiyohiyo, husema anim, pito, walo. Kinachowachanganya watu ni maneno kama omby (ng'ombe) na akoho (kuku), ambayo kweli yalitoka Kibantu, ila ni ya mkopo. Namba nazo hukopwa (sita na saba zetu si za Kiarabu?), kwa hiyo tazama sarufi: hakina ngeli, na kitenzi ndicho hutangulia katika sentensi.