Maswali ya Wasomaji: Je, Datsun Hii Ilikimbia Safari Kweli?

Ndugu Mhariri, pole na kazi. Kwa muda sasa nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue gari la zamani la kutunza. Dalali mmoja wa Nairobi amenionyesha Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi. Anasema ilikuwa ya timu ya kiwanda katika mbio za magari za Safari Rally za mwaka 1971, kwamba ndiyo iliyomaliza ya pili mikononi mwa dereva Shekhar Mehta, kwamba injini yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na kwamba zimebaki tatu tu duniani. Namba ya chesisi inaanza na HS30, ya injini inaanza na L28, usukani uko kulia, na kwenye nguzo za nyuma, pembeni mwa kioo, kuna alama ya mviringo yenye herufi Z. Ana pasipoti ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, na picha moja ya gari likiwa kwenye matope. Bei anayotaka ni karibu mara tatu ya 240Z ya kawaida. Je, nilipe?
*Msomaji, Moshi*

Jibu: Ndugu msomaji, bei hiyo usiilipe, ingawa gari lenyewe usilikimbie. Umefanya jambo la maana kutuandikia namba, kwa sababu wengi hututumia picha ya gari lililong'arishwa na kutuuliza kama ni la kweli, na swali la namna hiyo halijibiki. Dalali wako amekupa madai manne kwa pumzi moja: aina ya gari, historia yake ya mashindano, uhalisi wa injini, na uadimu wake. Ameyafunga pamoja ili ukilikubali moja uyabebe yote. Sisi tutayafungua.

Dai la kwanza lina dalili njema. Katika ukoo huu wa magari, ambao Nissan, kampuni iliyokuwa ikiuza magari kwa jina la Datsun, iliuanzisha mwaka 1969, herufi za mwanzo za namba ya chesisi husema mengi. HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia, HLS30 ni ile ya usukani wa kushoto, ambayo ndiyo iliyojaa Marekani, na S30 tupu ni Fairlady Z ya lita mbili iliyouzwa Japani. Kwa hiyo gari lenye HS30 na usukani wa kulia linapatana na maelezo yake, na hilo si dogo, kwa maana yapo magari yaliyozaliwa na usukani wa kushoto yakahamishiwa kulia kwenye gereji. Lakini hakikisha kwamba namba uliyoisoma ni ile iliyogongwa kwenye chuma cha ukuta unaotenganisha injini na abiria, wala si ile ya kibati kilichopigwa riveti ndani ya chumba cha injini. Vibati vya kuiga vinauzwa mtandaoni hadharani, na mtu mwenye riveti nne anaweza kulibatiza gari lolote. Papasa chuma kinachozunguka namba hiyo kwa kidole: ukigusa mshono wa kuchomelea, mikwaruzo ya grenda chini ya rangi, au tarakimu zilizopanda na kushuka kama meno ya mtoto, simamisha mazungumzo ya bei hadi fundi asiyemjua dalali alione.

Dai la injini halihitaji hata safari ya Nairobi. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya L24, yenye silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2393. L28 ni injini ya sentimita za ujazo 2753 ambayo ilikuja baadaye, ilipotoka 280Z mwaka 1975. Hakuna gari lililokimbia Safari ya Pasaka mwaka 1971 likiwa na injini ambayo ilikuwa haijaanza kutengenezwa. Kubadilisha injini si kosa, na kusema kweli L28 ni injini nzuri ambayo wamiliki wengi wa 240Z waliifunga kwa hiari yao ili wapate nguvu zaidi. Ila dalali aliyekuambia kwamba injini ni ile ile ama hakusoma namba anayoiuza, ama aliisoma akadhani wewe hutaisoma, na vyovyote iwavyo maneno yake mengine sasa yanahitaji karatasi.

Kuhusu nguzo za nyuma, magari ya mwanzo yalikuwa na maandishi ya 240Z kwenye nguzo hizo, na matundu ya kutolea hewa yalikuwa kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo. Mwanzoni mwa mwaka 1971 mpangilio ulibadilika: matundu yakahamia kwenye nguzo, nyuma ya alama ya mviringo yenye herufi Z. Magari ya kiwanda yaliyokuja Safari mwezi Aprili mwaka huo yalikuwa yameandaliwa kabla, hivyo ni vigumu kuioanisha bodi unayoieleza na mbio zile. Mlango wa nyuma huweza kubadilishwa kwa saa moja, lakini nguzo ni sehemu ya bodi yenyewe, na anayetaka kuigeuza lazima akate na kuchomelea.

Sasa tuje kwenye Safari. Historia ya mwaka 1971 inajulikana vizuri. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z namba 11, Mehta akamaliza wa pili kwa 240Z nyingine, na Rauno Aaltonen akawa wa saba kwa ya tatu. Gari la Herrmann Nissan yenyewe inalitunza katika mkusanyo wake wa kumbukumbu huko Zama, Japani, na nadhani ndiyo maana madalali hupenda zaidi kuuza gari la pili kuliko la kwanza. Mehta alishinda kwa 240Z mwaka 1973, baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa pia kwenye Datsun, hivyo jina lake ni tamu masikioni mwa mnunuzi yeyote wa Afrika Mashariki. Utamu wa jina hauthibitishi chesisi.

Anayedai kwamba gari lake ni la kiwanda anapaswa kuonyesha mnyororo usiokatika tangu siku timu ilipoliachia hadi leo: nani alilipokea, kwa hati gani, lilisajiliwa lini Kenya na kwa namba ipi, na nani aliliuza kwa nani. Magari ya timu yalikuja yakiwa na namba za usajili za Kijapani, kwa hiyo kama lilibaki Kenya lazima kuwe na hatua ya kulisajili upya. Omba nakala ya kumbukumbu za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini zilizoandikwa humo na zile zilizogongwa kwenye chuma. Ukikuta kwamba lilisajiliwa mara ya kwanza kwa jina la mtu binafsi kama gari jipya, habari ya timu ya kiwanda imekwisha hapo. Ukikuta pengo la miaka ishirini ambalo linaelezwa kwa maneno kwamba gari lilikuwa limelala shambani kwa mzungu, basi ujue kwamba magari mengi ya mashindano huzaliwa ndani ya pengo kama hilo. Namba moja ya chesisi huweza hata kupata magari mawili, kwa sababu bodi za Safari zilivunjika na kutupwa, kisha mtu akaokota kibati na mwingine akaokota bodi, na leo kila mmoja ana hadithi yake.

Pasipoti ya FIA imewachanganya watu wengi. Hati hiyo inathibitisha kwamba gari limeandaliwa kulingana na vipimo vya kiufundi vya enzi yake ili liruhusiwe kushiriki mashindano ya magari ya kihistoria. Haisemi kwamba gari hilo ndilo lililokimbia zamani, wala haikutolewa kwa kusudi hilo. Na hapa ndipo ninaposhuku kiini cha jambo kilipo. Tangu mwaka 2003 kumekuwapo mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani, na 240Z kadhaa za kawaida zimeimarishwa ili zishiriki: zikachomelewa mishono ya bodi, zikafungwa vyuma vya kinga ndani na taa kubwa mbele, zikapakwa nyekundu na nyeusi. Gari la namna hiyo limekimbia Safari kweli, na matope ya kwenye picha ni ya kweli, ila ni Safari nyingine. Muulize dalali jina la aliyeomba pasipoti na mwaka ilipotolewa, kisha itazame picha kwa kioo cha kukuzia: namba ya ushiriki, namba ya usajili, na hata mavazi ya watazamaji vitakuambia ni ya miaka ya sabini au ya juzi. Kwa upande wa pili wa ulinganisho, magazeti ya Nairobi ya Aprili 1971 yamehifadhiwa, na picha za mbio zile ni nyingi.

Limebaki dai la matatu duniani. Muulize: matatu kati ya yapi? Ikiwa anamaanisha 240Z, zilitengenezwa zaidi ya laki moja. Ikiwa anamaanisha zenye usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani, hizo ni chache kweli ukilinganisha na za Marekani, na kutu imezipunguza zaidi, ila si tatu. Ikiwa anamaanisha magari ya timu, basi anatumia dai ambalo hajalithibitisha kuthibitisha lingine. Mtu yeyote akikutajia idadi, mwambie akutajie pia aliyehesabu na alichohesabu, kwa kuwa gari lolote linaweza kuwa la pekee duniani ukiunganisha rangi yake, viti vyake, redio yake na mwezi wake wa kutengenezwa.

Kwa maoni yangu, unachoonyeshwa ni 240Z halali ya usukani wa kulia, iliyobadilishwa injini na pengine kuandaliwa kwa mbio za miaka ya karibuni. Gari kama hilo lina raha yake. Mpe bei ya gari hilo, baada ya fundi kulipandisha juu na kukagua kutu kwenye sakafu na chini ya betri, maana huko ndiko Z nyingi zinakoliwa. Historia ya Mehta mwachie dalali aendelee kuimiliki.

Shikamoo mwalimu. Marehemu baba ametuachia Peugeot 404, na wazee wa mtaani wanasema ndiyo iliyoshinda Safari kwa ajili ya Tanzania. Ndugu zangu wanataka tuipige rangi mpya kisha tuiuze. Tufanye nini?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kwanza waombe ndugu zako waiache rangi kama ilivyo. Chini ya rangi kuukuu huweza kuwapo mabaki ya namba za mashindano, na matundu yaliyozibwa ya taa na ya vifaa vya msoma ramani ni ushahidi ambao puti na msasa huufuta kwa siku moja.

Wazee wana msingi wa kusema wanayoyasema, kwa kuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda Safari kwa Peugeot 404 mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa na Chris Rothwell. Lakini zilitengenezwa 404 zaidi ya milioni mbili, nazo zilijaa barabara zetu zote, kuanzia teksi hadi magari ya mapadri, hivyo uwezekano ni mdogo na msiugeuze kuwa tangazo la biashara. Fungueni boneti mwone kama kuna kabureta au pampu ya Kugelfischer inayopuliza petroli kwenye njia ya hewa ya kila silinda, yaani ile 404 ambayo mafundi wa zamani waliiita injekisheni, kwa kuwa za Shankland zilikuwa za aina hiyo. Mkikuta kabureta msikate tamaa, kwani pampu hizo zilipowashinda mafundi ziling'olewa. Herufi KF katika namba ya injini ndizo za kutafuta.

Kisha kusanyeni kila karatasi: kadi ya gari ya kwanza, risiti za gereji, barua, hata picha za harusi ambazo gari linaonekana kwa nyuma. Warekodini wazee wakisimulia, kila mmoja peke yake, na muwaulize walimwona nani akiliendesha na baba alilipata kwa nani. Wakitofautiana kuhusu rangi lakini wakakubaliana kuhusu mwenyewe wa kwanza, mmepata pa kuanzia kwenye kumbukumbu za usajili.

Ndugu Mhariri, nimeona huko Japani inauzwa Fairlady Z inayoitwa Z432, kwa bei inayotisha. Ninaishi Muscat na siwezi kwenda kuikagua. Nitaanzia wapi?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Bei inatisha kwa sababu zilitengenezwa takriban 420 tu. Tarakimu za jina zinaeleza injini yake ya S20, iliyotoka kwenye Skyline GT-R, gari jingine la Nissan: valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3, na kemshafti 2. Injini hiyo huweza kung'olewa kwenye Skyline ikafungwa kwenye Fairlady ya kawaida, na bomba mbili za moshi zilizopangana juu na chini, ambazo ni alama ya Z432, fundi yeyote atakutengenezea. Kisichofungwa kwa spana ni namba ya chesisi, ambayo kwa Z432 huanza na PS30. Ikianza na S30 peke yake, unauziwa Fairlady yenye injini ya thamani, na bei ihesabiwe hivyo. Kabla ya kuomba picha nyingine yoyote, mwombe muuzaji akutumie video isiyokatwa inayoanza kwenye namba ya usajili ya gari, ikaenda moja kwa moja hadi kwenye chapa ya chesisi, ikaishia kwenye namba ya injini.